Sura ya Saba: Fuwele Isiyooshwa

Katika chumba cha kuoteshea fuwele hakuna anayeruhusiwa kupaza sauti. Mlango hufungwa kwa mikono miwili, viti havikokotwi, na mwenye kikohozi hukohoa nje. Ndani ya bilauri za kioo, mbegu ndogo zimening'inizwa kwa uzi wa nailoni, zinanenepa polepole kama mtoto tumboni. Meza ikitikiswa kidogo tu, maji yote hushtuka, yakamwaga vijiwe chini kama mvua ya mchanga, na kazi ya mwezi mzima imekwenda. Ndiyo maana Kothai, siku hiyo aliyotamani kumrarua Nambi kwa kucha, alilazimika kumrarua kwa kunong'ona.

"Toka," alimwambia bila kugeuka.

"Nimekuja tuzungumze."

"Ulizungumza asubuhi. Kamati nzima ilikusikia. Umebakiza nini cha kuniambia mimi?"

Nambi alisimama karibu na mlango, peku, kandambili zake mkononi. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye macho ya kumtazama mtu kama anayesoma maandishi madogo, kwa makini na bila haraka. Siku nyingine macho hayo yalimyeyusha Kothai. Leo aliyaona kama macho ya askari wa barabarani.

"Kothai, nisikilize kwanza."

"Usinitaje jina. Niite ulivyoniita kule. 'Mtafiti aeleze.' Leo mimi ni mtafiti, sivyo? Jana ulipokuwa unakula wali wangu wa ndimu nilikuwa nani?"

Nambi aliziweka kandambili zake chini, taratibu. Alichokifanya asubuhi kilikuwa hivi.

Idara ile ya fizikia ilikuwa na desturi yake. Mwanafunzi wa shahada ya udaktari akiwasilisha kazi, wenzake wote lazima waulize swali moja moja, na asiyekuwa na swali huwanunulia watu wote vada za dengu na kahawa. Kwa hiyo rafiki humpa rafiki swali mapema, ili lije laini kama mto wa kulalia. Jana Kothai alimpa Nambi swali lake: kwa nini ulichagua alanini na si asidi amino nyingine? Jibu alikuwa amelipika vizuri, akalionja, akalitia chumvi. Madam Vasuki, msimamizi wao, alipogeuka akasema, "Haya Nambi, swali lako," Kothai alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Nambi akatazama ukutani, ambako picha ya fuwele ilikuwa imekuzwa ikawa kubwa kama mlango. Akasema, "Mtafiti aeleze. Fuwele hii ilioshwa kabla ya kusagwa?"

Pale pale kila aliyekuwamo alielewa. Kazi yote ya Kothai ilikuwa kuonyesha kwamba alanini aliyoitia kidogo kwenye maji ya chumvi ya fosfeti imeingia mpaka ndani ya fuwele. Ushahidi wake ulikuwa mchoro wa miali ya infraredi, ule mstari unaotambaa na kushuka mabonde, kila bonde likitaja kitu fulani kilichomo. Fuwele tupu ina mabonde yake yanayojulikana. Ya Kothai ilikuwa na bonde dogo la ziada, mahali pale pale pa alanini. Lakini fuwele ikitolewa majini ikaachwa ikauke yenyewe, maji huikaukia juu ya ngozi, na alanini hubaki pale kama chumvi kwenye shavu la aliyelia. Ukiisaga hivyo hivyo mashine itaiona. Haitakuambia kama iko ndani au iko nje.

Kothai alijaribu kukumbuka. Siku ya kuitoa fuwele ile ndiyo siku shangazi yake alipofika nyumbani bila taarifa, na simu ya mama ililia mfululizo. Aliilaza fuwele kwenye karatasi akakimbia. Je, aliifuta? "Sikumbuki," akasema mbele ya watu wote. Mtaalamu aliyekuja kutoka chuo kingine akafunga kalamu yake.

"Irudiwe," alisema. Madam Vasuki akamwombea: kama nusu ya fuwele ile isiyosagwa bado ipo, iletwe na mchoro mpya kabla mgeni hajaondoka na treni ya jioni, naye atatia saini.

Nusu ilikuwepo. Ilikuwa mkononi mwa Kothai sasa hivi, ndani ya chupa ndogo, na tangu adhuhuri alikuwa ameiangalia tu.

"Ungeniambia jana," alinong'ona. "Ungeniambia hata juzi. Unajua nilichoahidiwa nyumbani. Unajua kuliko mtu yeyote."

Nambi alijua. Baba yake Kothai, posta masta mstaafu ambaye neno lake halikuwahi kurudi nyuma, alimwambia binti yake hivi: kazi yako ikipita kwenye kamati, nitamwambia dada yangu asubiri, na nitalisikia jina la huyo mtu wako. Isipopita, tunabadilishana sahani za uchumba na mtoto wake Velu siku hiyo hiyo. Kwa mila yao mtoto wa shangazi ndiye mwenye haki ya kwanza kwa binti, na shangazi Sivakami alikuwa ameshafika tangu asubuhi na tambuu zake. Jina la Nambi lilikuwa halijatamkwa kwenye nyumba ile. Nani angelitamka? Mama yake Nambi alikuwa akisuka mashada ya asmini akiuza mlangoni kwa hekalu, na posta masta alikuwa akinunua kwake kila Ijumaa bila kumtazama usoni.

"Jana sikuona," Nambi alisema. "Kwenye karatasi picha yako ni ndogo kama ukucha. Leo ilipowekwa ukutani nikaona weupe begani mwa fuwele, kama ukungu. Mdomo ukanitangulia."

"Mdomo ulikutangulia. Na swali nililokupa ulilipeleka wapi?"

"Lilinitoka."

"Likakutoka. Mimi nakaa usiku nafikiri swali litakalokufanya uonekane mwerevu mbele ya wageni, wewe linakutoka. Lakini la kunivunja halikukutoka."

"Angeuliza yule mgeni."

"Angeuliza yeye ningeweza kumchukia nikala chakula changu. Wewe nikuchukie nile nini?"

Alisema hivyo na sauti ikampanda, akashika mdomo kwa upande wa shali. Wote wawili waligeukia bilauri. Maji yalikuwa yametulia. Fuwele zilining'inia vile vile, safi, hazina habari za mtu.

"Ipime," Nambi alisema taratibu. "Ioshe, uipime. Kama bonde lipo, nitasimama mbele yao nijiite mjinga kwa jina la baba yangu. Mashine haina mtu sasa."

"Sihitaji ruhusa yako."

"Sijakupa ruhusa."

"Wala msaada wako siutaki. Shika hiyo taa."

Nambi akashika taa.

Kothai aliivunja nusu ile ya fuwele kwa wembe, akatafuta kipande cha katikati, cha moyoni kabisa. Akakichovya katika maji baridi yenye spiriti, mara moja, akakifuta kwa karatasi ya chujio mpaka kikang'aa. Alifanya polepole ili Nambi aone, na kila alichofanya kilikuwa tusi. Ndipo mlango ukasukumwa.

Ulisukumwa kwa nguvu. Kothai na Nambi waliurukia kwa pamoja, viganja vyao vikaugonga ubao mahali pamoja, mlango ukasimama nusu shubiri kabla ya ukuta. Mkono wa Nambi ulikuwa juu ya mkono wa Kothai. Ulikuwa wa moto. Kothai akautoa wake kama aliyegusa sufuria.

Mlangoni alisimama Velu, shati jeupe, sharubu zimechanwa, pete ya dhahabu kidoleni, viatu miguuni.

"Binamu," alisema, "umefanywa bibi harusi na bado unanusa spiriti? Amma yako kasema nikulete kwa pikipiki. Watu wamekaa, ndizi zinaiva."

"Sauti, Velu. Na viatu."

Velu akatazama viatu vyake, akatazama bilauri, akashusha sauti kwa mzaha. "Kuna maiti humu?"

"Kuna fuwele."

"Hizi?" Akainama, mikono nyuma. "Hii si ile fosfeti ya potasiamu? Mimi nauza hii kwa mifuko. Wakulima wa migomba wanapulizia majani. Kumbe huku mnaitundika kwa uzi na kuinong'oneza."

"Kwako inauzwa," Nambi alisema. "Hapa inaulizwa."

Velu alinyooka akampima kuanzia juu mpaka vidole vya miguu. "Na wewe, kaka, ndiwe nani?"

"Ni mtu aliyeniuliza swali," Kothai akajibu kabla Nambi hajafungua mdomo. "Ngoja hapo, Velu. Nina kazi ndogo."

"Ndiyo hiyo kazi Appa yako anayoisubiri?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi nitaiona kwa macho yangu," Velu alisema, akavua viatu.

Wakaenda watatu chumba cha mashine, hakuna aliyetembea karibu na mwenzake. Kothai akasaga kipande chake pamoja na chumvi ya bromidi kwenye kinu kidogo cha jiwe, taa ikiwaka juu yake ili unyevu usiingie. Nambi alishika taa kwa mkono usiotikisika. Mara moja nywele za Kothai zilimwangukia usoni, na mkono wa Nambi ukaenda kuzirudisha kwa mazoea, ukafika nusu ya safari, ukasita, ukarudi kwenye taa. Kothai aliuona. Velu naye aliuona.

Unga ukagandamizwa, ukawa kidonge chembamba chenye kupitisha mwanga kama kigae cha barafu. Kothai akakiweka mahali pake, akafunga mdomo wa mashine. Moyoni alisema sala fupi, ile aliyofundishwa na bibi yake, lakini aliposikia anachokiomba akaona haya. Mtu hamwombi Mungu abadilishe kilichomo ndani ya jiwe. Akaomba tu macho yake yasimdanganye.

Mstari ukaanza kutambaa kwenye kioo cha mashine. Chini yake Kothai alikuwa ameweka ule wa zamani, mwekundu, ili ilinganike. Mabonde ya fosfeti yakaja moja baada ya jingine, mazito, yamekaa pale pale yalipokaa siku zote. Mstari ukafika mahali pa alanini. Ukapita. Ulipita umenyooka, kama mtu anayempita jirani asiyemjua.

Mashine ikanyamaza.

"Imekuwaje?" Velu aliuliza.

Kothai alikitoa kidonge, akakilaza kwenye karatasi.

"Mimi shule nimeishia darasa la kumi, lakini sura ya mtu naisoma. Imekufa, siyo?" Velu akachukua ufunguo wa pikipiki. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kejeli. "Niko getini, binamu. Usikawie."

Alipotoka, Kothai akaketi. Nambi akapiga magoti mbele ya kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata walipokuwa peke yao kando ya mto Thamirabarani, katika siku zao njema.

"Nisikilize," alisema haraka. "Anayejua ni mimi na wewe tu. Yule wa mbolea hajui alichokiona. Mpelekee Madam mchoro ule wa kwanza. Sema umeosha, umepima, bonde lipo. Nitasema nilikuwepo na nimeona. Nitasema nilikosea asubuhi. Mgeni atatia saini, treni itaondoka, na leo jioni baba yako atalisikia jina langu."

Kothai alimtazama. Alikuwa akimpenda mtu huyu tangu siku alipomkuta anaosha vyombo vya maabara vya watu wengine bila kuambiwa. Alimpenda kwa sababu hakuweza kupita penye uchafu.

"Asubuhi ulikuwa mkweli ukanivunja," alimwambia. "Jioni unataka kuwa mwongo unijenge. Ungeanza na uongo, Nambi, ningejua nimempata mwongo, nijipange. Sasa wewe nikushike upande gani?"

"Nishike upande wowote. Sitaki wakubadilishe na sahani."

"Na mimi sitaki niolewe kwa bonde ambalo halipo. Kila ukinitazama nitakuwa najiuliza kama unaniona mimi au unaona ule mchoro mwekundu." Akasimama, akauchapa mchoro mpya, akaukunja. "Inuka. Magoti yako yatachafuka."

"Kothai, unanichukia?"

"Leo, sana," alisema, akatoka. Akafunga mlango kwa mikono miwili.

Madam Vasuki alitazama mchoro ule pale alipokuwa amesimama, kikombe cha kahawa mkononi, akaushusha. "Miezi sita mingine," alisema. "Na utakuwa unafuta fuwele zako kama mama anavyomfuta mtoto pua." Ila Kothai alipokuwa anaondoka, Madam akamgusa bega.

Nyumbani taa ya miungu ilikuwa imewashwa na mkeka mkubwa umetandikwa sebuleni. Posta masta alikaa upande mmoja, mgongo umenyooka. Upande wa pili alikaa shangazi Sivakami katika sari ya rangi ya zambarau, na Velu, aliyemshusha Kothai getini akatangulia kuingia, pembeni yake. Katikati zilikuwapo sahani za shaba: tambuu, popoo, manjano, ndizi, nazi, na sari nyekundu iliyokunjwa. Sahani hizo zikishabadilishana mikono, binti ni wa watu. Hakuna kurudi nyuma ila kwa aibu ya koo mbili.

"Huyo kaja," shangazi alisema. "Nenda ukavae, mwanangu. Umekonda kama uzi wako wa chuoni. Kwangu utakula."

"Kwanza nijue," posta masta, Appa wa Kothai, alisema. "Imepita?"

Amma, mama yake, aliyesimama mlangoni kwa jiko, akamtikisia binti yake kichwa kidogo, kidogo sana. Sema imepita, kichwa kile kilisema. Nani atajua? Kothai akamtazama Velu. Velu alikuwa anatazama ndizi.

"Haijapita, Appa."

Shangazi akashusha pumzi ya raha. Appa hakubadilika uso. "Basi tumeshakubaliana," alisema, akainua sahani ya upande wake. Velu naye akainua ya upande wao, kwa sababu mama yake alimgusa kiwiko.

"Tumekubaliana," Kothai alisema, "na sitaikimbia ahadi. Lakini mwenye kununua ana haki ya kuambiwa. Velu, leo umeona nilichokiosha?"

"Nimeona."

"Nilikitia kitu kigeni kwenye maji, nikaamini kimeingia moyoni mwa fuwele. Watu wote waliamini, na mashine iliamini. Kumbe kilikaa juu ya ngozi tu. Nilipokiosha mara moja, hakikubakia hata kivuli." Alisema kwa sauti ile ile ya chumba cha fuwele, na sebule nzima ikalazimika kunyamaza ili imsikie. "Nipelekeni kwenu, nitapika, nitafagia, nitamwita shangazi mama. Kila atakayetazama atasema nimeingia. Lakini nitakuwa juu ya ngozi, Velu. Na katika nyumba yoyote haikosi siku ya kuoshwa."

"Adabu," Appa alisema.

"Ndiyo adabu, Appa. Namwambia kabla, si baada."

Velu aliishika sahani hewani. Kisha akaishusha. Hakuiweka mikononi mwa posta masta. Aliiweka mkekani, mbele ya miguu yake mwenyewe.

"Velu, inua," mama yake akasema kwa kuuma meno.

"Mama, mimi mfanyabiashara. Mwenye mali mwenyewe kaniambia haitashika. Nikinunua, mjinga ni nani?" Akamgeukia Kothai, na macho yake yalikuwa yameumia kuliko maneno yake. "Ungenitukana tu, binamu. Ingekuwa nafuu."

"Najua. Nisamehe."

Shangazi Sivakami akainuka na sahani zake zote. Alimwambia kaka yake maneno ambayo koo zile zitayakumbuka kwenye misiba. Pikipiki ilipokwisha kusikika, Appa alikuwa bado ameshika sahani yake.

"Umenivunjia undugu na dada yangu," alisema. "Na mtu wako huyo, wala usinitajie. Sitaki kulisikia jina lake mpaka hiyo kazi yako ipite. Miezi sita au miaka sita, shauri yako."

"Sawa, Appa."

Alisema sawa, akainama kumgusa miguu, naye hakuivuta miguu yake. Amma pale mlangoni alijifuta uso na ncha ya sari. Alikuwa amelisikia lile neno 'mpaka', kama Kothai alivyolisikia.

Simu ililia alipokuwa uani, anakunja mkeka. Aliiacha ilie mpaka karibu ikate.

"Wameshabadilishana?" Nambi aliuliza. Sauti yake haikuwa na damu.

"Hawajabadilishana. Lakini usifurahi. Jina lako halikusikika, na mimi bado nina hasira nawe."

Kisha Nambi akasema, polepole, kama anayesoma maandishi madogo: "Mtafiti aeleze. Kwa nini ulichagua alanini, na si asidi amino nyingine?"

Kothai akafumba macho. Jibu lilikuwa pale pale alipoliacha, limepikwa, limetiwa chumvi.

"Swali limechelewa," alimwambia. "Uliza kesho, mezani, tukianza upya. Na uje na karatasi zako mwenyewe za kukaushia fuwele."